Kitambaa cha Sinema Kiwanjani Marungu

Miaka ile nilipokuwa mtoto, sinema haikuwa na nyumba kwetu Marungu. Ilikuja na gari. Gari la serikali lilitoka Voi likitimua vumbi, likasimama kwenye kiwanja cha soko, na watu wake wawili wakafunga kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili. Jua likishazama tu, mashine ilianza kunguruma na picha zikatembea. Ilikuja mara mbili kwa mwaka, ikizidi sana mara tatu, na hapakuwa na mtoto aliyekubali kuikosa.

Nyanya yangu hakutaka hata kukisikia kitambaa hicho. Nilikuwa nikiishi naye kwa sababu baba, mwanawe mkubwa, alifanya kazi reli pale Voi, na mama alikuwa huko pamoja naye na wadogo zangu. Nyanya alikuwa mfupi, mkali, hana maneno mengi, na alikuwa na imani zake ambazo kanisa la baba lilishindwa kuzing'oa. Kuhusu sinema alishikilia kwamba wale wanaotembea pale si watu, ni vivuli walivyonyang'anywa wenyewe. Na mtu akivitazama sana, kivuli chake nacho kinalegea.

"Utarudi hunijui," aliniambia. "Kinaanza kwa kukusahaulisha watu wako."

Mimi nilimcheka moyoni. Nilikuwa nimeshajua kusoma, nikajiona mjuaji kuliko mji mzima.

Basi nikaenda. Nilimdanganya kwamba nafuata mbuzi, nikatoroka na Mghoi, binti wa mwalimu wetu, ambaye nilikaa naye dawati moja. Tulionyeshwa jinsi ya kuchimba choo. Tukaonyeshwa mzee mnene aliyeanguka mtoni na baiskeli yake, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mwisho wakapita askari Waafrika wa wakati wa vita, mistari kwa mistari, wengine wakitugeukia na kucheka kana kwamba wanatuona. Nilirudi nyumbani kichwa kikizunguka kwa furaha, nikamkuta nyanya amesimama mlangoni na ufito mkononi.

Nilijua ufito ule. Nikatafuta la kusema, na ulimi wangu ukaokota neno ambalo mpaka leo sijui lilikuwa limejificha wapi.

"Nyanya, nimemwona Baba Mdogo Mwadime."

Huyo Mwadime alikuwa mwanawe wa mwisho. Alienda vitani Burma kabla sijazaliwa, na hakurudi. Ilikuja karatasi tu ya kusema amekufa, baba akaisoma, basi. Zamani kwetu Taita mtu mzima hakuachwa ardhini hivi hivi. Baada ya muda kaburi lilifukuliwa, fuvu lake likachukuliwa kwa heshima na kuwekwa pangoni pamoja na ya babu zake. Mwadime hakuwa hata na kaburi. Na kulikuwa na jambo lililomchoma nyanya zaidi. Mwadime aliondoka baada ya kugombana naye, bila kuaga, na nyanya aliamini kwamba hasira yake ya mama ndiyo iliyomfungia mwanawe njia ya kurudi. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumtaja. Mimi nilijua kitu kimoja tu juu yake, nilichokisikia kwa shangazi zangu wakinong'ona: alikuwa na pengo la meno ya mbele.

Nyanya alishusha ufito.

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka. Nikaliona pengo."

Aliketi pale pale kizingitini. Sikuchapwa. Usiku ule alinipa kipande cha nyama alichokuwa amemwekea baba atakapokuja kutoka Voi, nami nikakila, aibu yangu ee, nikakila chote na kulamba vidole.

Ningeweza kusema kweli kesho yake. Badala yake kila aliponiuliza niliongeza. Viatu vyake vilikuwa vizuri? Vizuri sana. Amekonda? Hapana, amenawiri. Nilikuwa napendwa kuliko nilivyowahi kupendwa, na nilijipa moyo kwamba gari lile huenda lisirudi tena.

Lilirudi. Siku tuliposikia limeonekana njiani, nyanya alitoa kibuyu cha pombe ya miwa aliyokuwa ameitayarisha bila kumwambia mtu, akavaa leso yake safi, akaniambia twende. Hapo ndipo nilipoelewa anachotaka kufanya. Alikuwa anaenda kutasa. Hiyo ni desturi yetu: mwenye hasira moyoni hunywa funda la maji au la pombe, halafu hulipuliza nje huku akitamka baraka, ili hasira itoke na aliyekasirikiwa apone. Alitaka kumfungulia mwanawe njia.

Tulikaa mbele, kati ya watoto. Mghoi alikuwa upande wangu wa kushoto na wasichana wenzake wa misheni, wamevaa viatu. Nyanya alivumilia choo, akamvumilia yule mzee na baiskeli yake bila kutabasamu. Askari walipotokea alinishika mkono.

"Yuko wapi?"

Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kusema sijui. Nikanyoosha kidole. Niliyemwonyesha alikuwa askari yeyote, wa tatu au wa nne kutoka ukingoni, na hata sura yake sikuiona vizuri.

Nyanya akainuka. Alitembea mpaka kwenye kitambaa, mwanga wa mashine ukampiga mgongoni, na kivuli chake kikawafunika askari wote. Alimimina pombe kinywani, akaipuliza kwenye kitambaa, akasema kwa Kidawida, lugha yetu, kwa sauti ambayo kiwanja kizima kiliisikia: "Mwanangu, hasira yangu nimeitoa. Njoo nyumbani." Akapuliza tena.

Watu walicheka. Kwanza watoto, halafu wakubwa. Yule mtu wa gari alimwambia kwenye kipaza sauti mama akae chini, sinema hainyweshwi pombe, na kicheko kikawa kikubwa mara mbili. Nyanya alibaki pale na kibuyu chake, akigeuza uso huku na huku kwenye ule mwanga, nadhani akinitafuta mimi.

Mghoi akaniinamia akauliza, "Si huyo ni nyanya yako?"

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Nilisema kwa sauti ya kutosha. Na ili niaminike, nikacheka pamoja nao.

Nyanya alitoka kiwanjani peke yake. Nilimfuata baadaye, nikamkuta amelala, au amejifanya amelala. Asubuhi alinipa uji kama kawaida. Ufito sikuuona tena, na jina la Mwadime hakuniuliza tena. Wenzangu walimsahau baada ya wiki moja, kwa sababu kiwanjani daima kuna mwingine wa kuchekwa. Mimi sikusahau. Kila nilipomwona akiinama shambani kupalilia maharagwe nilitamani anichape, tumalizane.

Nilikua, nikawa mwalimu. Sinema nayo ilikua. Mombasa niliingia jumba lenye viti vya kukunja na pazia jekundu, watu wamevaa suti kama wanaenda harusini. Baadaye kukaja vibanda vya video pale Voi, jenereta inapiga kelele kuliko picha yenyewe, na leo wajukuu zangu wanatazama kwenye simu chini ya blanketi. Kitambaa kimekuwa kidogo mpaka kinaingia mfukoni. Lakini askari wakipita kwa mistari, hata wakiwa wadogo kama mchwa, mimi huinuka nikaenda jikoni.

Nyanya alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilipanda gari kwenda Marungu nikiwa nimejiapiza kumwambia kweli. Nilimkuta amelala karibu na dirisha, mwepesi kama kifurushi cha nguo. Nikaanza kwa kigugumizi, Nyanya, yule mtu niliyekuonyesha kwenye kitambaa.

"Hakuwa na pengo," akasema.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliinuka mbele za watu wote wale?

"Miaka yote ile hakuna aliyemtaja mwanangu," akasema. "Wewe ulimtaja. Nikaona hata kama si yeye, nitasemea hapo." Halafu akanitazama. "Hilo halikuniuma. Lililoniuma ni lile ulilomwambia mwenzako."

Alikuwa amelisikia. Miaka yote hiyo ya uji na maharagwe, alikuwa nalo.

Nilipiga magoti pale nikalia kama mtoto, nikasema nilichopaswa kusema nikiwa na miaka tisa. Yeye aliomba maji. Nikadhani ana kiu, nikamshikia kikombe. Akachukua funda, akajaribu kunipulizia, lakini nguvu hazikuwepo tena. Maji yalimtiririka kidevuni yakaniangukia mikononi. Midomo yake ilicheza, maneno sikuyasikia, na sikuthubutu kumwomba ayarudie.

Wajukuu wangu nikiwasimulia huniambia, basi Nyanya, si alikusamehe. Ndiyo, alinisamehe, nami namshukuru Mungu kwa maji yale. Lakini alinionya kwamba nikikaa mbele ya kitambaa kile nitarudi simjui, nikamwona mshamba. Sikungoja hata kurudi nyumbani. Nilimkana pale pale, yeye akiwa kwenye mwanga, nikiwa nimekaa hatua kumi tu kutoka kwake.