Wifi Hakuona Kitu

Mtaani walimwita Fundi. Alishona sare za shule, na mzazi mwenye mtoto mtukutu alipewa ushauri wa bure: magotini tuweke kitambaa mara mbili, mama, huyu wako hatembei, anatambaa. Vifungo alitia wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walikuwa chanda na pete. Wifi akisema mshono umepinda kama hasira za mwenyewe, Fundi humjibu kwamba kaka yake alizipenda hivyo hivyo.

Wakati wa vita, wenye bunduki waliingia nyumbani kwao mchana kweupe. Wifi aliwahi kujibanza nyuma ya magunia. Waliyomtenda Fundi aliyaona yote, na walipoondoka ndiye aliyemwosha na kumfunika khanga, asimwulize neno.

Miaka sita ikapita ndipo kesi ikafunguliwa. Muuguzi wa kliniki, aliyemtibu Fundi tangu mwanzo, alimweleza kuwa wakili wa washtakiwa ni mjanja, heri apatikane aliyeona kwa macho. Fundi hakuumiza kichwa, akamtaja wifi. Naye wifi akaitikia kwamba atakwenda, wao si watu wa kuachana.

Siku ikafika. Wifi akasimama mbele ya hakimu, macho ukutani.

“Sikuona kitu,” akasema. “Siku hiyo sikuwepo.”

Wakili akacheka kidogo, akamgeukia Fundi, akamwuliza kama ana uongo mwingine wa aina hiyo. Hakimu akaahirisha kesi.

Fundi alimkuta wifi uani, amejishikiza kwenye nguzo.

“Ningesema niliona, wangeniuliza wale wenye bunduki waliponikuta nyuma ya magunia, wewe umezimia, walinifanya nini,” wifi akanong'ona. “Mume wangu hajui. Na alikuwa amekaa mle mahakamani.”

Fundi akamtazama. Miaka sita chumba kimoja, uzi mmoja, na hilo hakuambiwa.

“Ungeniambia jana, wifi. Nisingekutaja. Ningekufichia hadi kaburini. Lakini umeniacha niitwe mwongo, nawe umesimama unatazama.”

Muuguzi akaja taratibu na faili lake kwapani, akauliza kama waifunge kesi. Fundi akasema hapana. Shahidi ndiye aliyejitoa, yeye yupo, siku ijayo atasema peke yake.

Kisha akamgeukia wifi, sauti kavu.

“Muuguzi huyu yuko kliniki Jumanne na Alhamisi. Hamwulizi mtu habari za mumewe.”

Akatoka getini. Njia yao ya kurudi ilikuwa moja, lakini hakumngoja.