Fadhila na Mgeni wa Nyakabiga

Fadhila ni fundi cherehani wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Wateja wakipungua, hufungua kompyuta yake kuukuu na kuingia kwenye mchezo wa kujenga kwa matofali, katika seva isiyo na sheria: kuiba ruhusa, kuua ruhusa, kudanganya ruhusa. Huko ana nyumba aliyoijenga kwa miaka miwili, mbali na kila mtu. Namba za mahali pale anazijua yeye peke yake. Zikimfikia mtu mbaya, baruti itamaliza kila kitu kwa dakika tano.

Mwezi uliopita mchezaji aitwaye Gaël alianza kumwandikia. Alisema ni wa Nyakabiga, humuhumu mjini, amechoka kuporwa, anataka wajenge pamoja.

"Mpe namba, dada," nilimwambia. Mimi nasoma chuo kikuu, nikitoka darasani hushinda kibandani kwake, na naamini hofu ya jirani ndiyo inayotufunga mikono nchini. "Tukishukiana hata mchezoni, tutajenga nini?"

"We mwanachuo unajenga na mudomo. Ngoja kwanza."

Alhamisi mdogo wake, Mwanvua, alipiga simu kutoka Nyakabiga: mtaa mzima hauna umeme tangu asubuhi. Fadhila alitazama orodha ya waliomo mchezoni. Gaël yumo. Saa sita yumo. Saa kumi bado yumo.

"Batri gani hiyo, baba? Ya kifaru?" alicheka bila furaha. "Huyo ni mutu wa Kiriri, kule kwa matajiri, ana jenereta. Ao hata Burundi hayuko."

"Labda ana sola."

"Labda."

Akaenda hadi bonde tupu, mwendo wa siku mbili za mchezoni kutoka nyumbani kwake, akajichimbia shimo, akamtumia Gaël namba za pale kana kwamba ndiko kwake, akangoja. Gaël alifika peke yake, bila upanga. Alizunguka, akapanda ngano, akaacha sanduku la mikate. Akaandika: "Dada, niko hapa."

"Toka umsalimie!" nilipaza sauti hadi mteja akageuka. "Mtu amekuja na mkate!"

"Aliyeniua mara ya kwanza alikuja na mukate pia."

Hakutoka. Gaël alipochoka akaenda zake. Fadhila hakugusa hata mkate mmoja. Kwa siku tatu alitembea upande usio wa kwake, asije akafuatwa, ndipo akageuka kurudi.

Nyumba ingali salama. Gaël ameandika mara nne. Hajajibiwa.