Goti la Chuma na Jogoo wa Matoleo

Nilipopata mguu wa bandia, upumbavu wangu wa kwanza ulikuwa kuununulia viatu vya maringo. Zilikuwa zile siku ambazo marobota ya mitumba yalifunguliwa kila kona ya soko la Songea, na mtu aliyezoea raba moja tangu enzi za foleni ya duka la ushirika aliweza kurudi nyumbani amevaa kama waziri. Nikapata viatu vyeusi vya ngozi, kisigino kimekwenda juu, pengine vya mwanamuziki wa Ulaya. Fundi wa hospitali ya misheni aliyenitengenezea mguu alishanionya: "Huu nimeupanga kwa kiatu bapa. Ukitaka kubadilisha kisigino, uje kwangu kwanza." Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza mahubiri marefu: kichwa kinaitikia, akili iko nyumbani kwenye ugali.

Mguu wangu wa kulia ulikatwa juu ya goti baada ya ajali ya lori la mahindi, wakati kila mwenye lori amegeuka mnunuzi wa mahindi. Kwa hiyo goti nililonalo upande huo ni la chuma. Kulitembeza ni kazi ya paja na imani: unarusha kigutu, kile kipande cha paja kilichobaki, mbele, muundi unafuata kwa wakati wake, unyayo unagusa chini, kisha unakandamiza paja nyuma ili goti likaze kabla hujalitwika uzito. Ukiharakisha linajikunja, nawe unapiga magoti bila kukusudia sala. Kwa mpenda kukaa nyumbani kama mimi haikuwa shida kubwa. Kutoka kitandani hadi barazani, fimbo mkononi, nilikuwa bingwa.

Shida ililetwa na mama tuliyepakana naye ua, hapo mtaani Mfaranyaki, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisani. Mama huyu haombi, anapanga. Zamu yetu ya kupeleka matoleo ilipofika, akasimama mlangoni kwangu.

"Shemeji, Jumapili unabeba jogoo."

"Na fimbo niishike kwa meno?"

"Hiyo utajua wewe. Kama huwezi sema sasa hivi, nimpe mwingine."

Sikusema. Matoleo hubebwa kwa mikono miwili, tangu mlango wa kanisa hadi mbele kwa padri, na tangu ajali watu wa kanisa lile walinijua kama yule wa benchi la nyuma, anayeletewa komunyo pale alipokaa. Nilitaka, walau mara moja, wanione nikienda mbele mwenyewe. Sikumwambia mtu. Mke wangu alijua tu, kwa kuwa nilianza kupiga pasi suruali tangu Alhamisi.

Jumamosi asubuhi nikavaa viatu vyangu vya kiwaziri, nikamkumbatia jogoo, nikaanza mazoezi uani. Hatua ya kwanza, goti likajikunja. Nikajishikiza kwenye kamba ya nguo. Nikajaribu tena. Safari hii nilikwenda chini kabisa, na jogoo akarukia paa la jiko akipiga kelele kana kwamba yeye ndiye aliyeumia. Mke wangu akatoka na mwiko.

"Umeshamchinja?"

"Mguu umeharibika," nikasema. "Mwambie mwenyekiti atafute mtu mwingine."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kuonewa, lakini moyoni niliumia kweli.

Mke wangu akaweka mwiko chini. Alinivua kile kiatu cha mguu wa bandia apate kuniinua, akakiweka mlangoni kando ya raba yangu ya zamani, akaviangalia vyote viwili. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya kinu. Ndipo nami nikaona. Kila nilipokanyaga, kisigino kile kiliusukuma muundi mbele, na goti la chuma halijui kukataa.

"Mguu mzima," akasema akijifuta machozi. "Kilichoharibika ni mwenye mguu."

Jumapili nilivaa suti na raba. Kanisa limejaa, kwaya inaimba, na mama aliyenitangulia na kapu la maharage anakwenda kwa kucheza. Mimi sikucheza. Rusha, subiri, kandamiza. Katikati ya kanisa goti likasita, nami nikasita nalo. Wimbo ukaendelea bila sisi. Kisha likakaza. Padri alipompokea jogoo, mikono yangu ikabaki mitupu, na bado nilikuwa nimesimama. Nilirudi kwenye benchi jasho limenilowesha mpaka soksi ya kigutu, natabasamu kama bwana harusi.

Nje watu walinipa mikono. Wengine walinishika bega. Mwenyekiti alikuja wa mwisho, nami nikajiweka sawa kupokea pongezi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Shemeji, umetembea vibaya kuliko bata, lakini umefika. Basi Jumamosi tunapalilia shamba la kanisa, na usiniambie tena kwamba huna mguu."