Nyamyumba, Wakati Samaki Waliponuka Taa

Nilikwenda Nyamyumba kwa sababu mwanamke mmoja alinirudishia samaki wangu sokoni Gisenyi, mbele ya watu. Huyo ni Mama Zaina, aliyekuwa akiwapikia madereva na mafundi cherehani chakula cha mchana. Alitua kikapu miguuni pangu akasema, "Baba Saidi, mi nilinunua samaki, we umeniuzia taa. Watu yangu wanacheua petroli." Soko lote likacheka. Mimi sikucheka. Shule sikusoma. Baba yangu alifika nchi hii kutoka Ujiji na mzigo wa chumvi kichwani, na duka nililijenga kwa mikono hii, matofali na jina pamoja. Jina likinuka, duka nalo linanuka.

Kisa chenyewe mji mzima ulikijua. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Tishari lililobeba mapipa ya mazutu, yale mafuta mazito ya mitambo, likivutwa na meli kutoka upande wa Bukavu, liligonga mwamba karibu na Nyamyumba siku ya upepo, na mapipa mengi yakapasuka. Mwenye tishari alikuja, akaokota mapipa yaliyobaki mazima, akaenda zake. Mazutu hakuyaokota. Tulidhani mvua itaosha. Mvua ilinyesha, mwezi ukapita, na samaki waliendelea kunuka.

Msidhani hiyo ilikuwa taabu ya wavuvi peke yao. Samaki wakikataliwa, chumvi yangu ya kuwakaushia inalala dukani. Wanawake waliobeba samaki mpaka Nyundo wanakaa mikono mitupu. Msuka vikapu anakaa, muuza mihogo anakaa, maana nani atakula mihogo mikavu kila siku? Mji wetu ulikuwa mdogo, lakini ulikula kwenye sahani moja. Bon, nikasema nitakwenda nikaone mwenyewe. Kama samaki wa Nyamyumba wamekufa kibiashara, nijue, niuze kitu kingine.

Asubuhi, jua lilipotoka nyuma ya milima, nilishika njia ya kando ya ziwa kwa miguu, fimbo mkononi na kandambili begani. Kandambili ni za kuingilia mjini, si za kumalizia njiani. Ziwa lilikuwa zuri kama siku zote, la buluu, limetulia, mtu asiyejua angesema hakuna lililotokea. Njiani niliwakuta wanawake wakipanda mlima na mitungi. Niliwauliza kwa nini wanapanda na maji yako chini. Mmoja alinijibu bila kusimama, "Maji ya chini inakawia kutoka mu kinywa, Mzee. Tunafuata kijito." Wakapita wakicheka pumzi zikiwakatika, maana ule mlima si mchezo.

Nilipofika Rubona nilipumzika kidogo. Juu ya jiwe alisimama mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki, mabawa yamefunguka kama shati kwenye kamba. Mnandi hujikausha hivyo kila siku. Lakini huyu alikuwa ameshikamana manyoya, na nilipomrushia kijiwe hakuruka. Alinitazama tu. Nikaendelea na safari.

Kabla ya adhuhuri nilifika kwa Sebuhoro. Huyu alikuwa mkuu wa kokoro pale, yaani ule wavu mrefu unaovutwa na watu wengi kutoka majini hadi pwani. Nimenunua kwake miaka mingi. Ni mtu mnene wa sauti, mwembamba wa mwili. Aliniona kwa mbali.

"Baba Saidi, umekuya kununua ao umekuya kutucheka?"

"Nimekuja kunusa," nikamwambia.

"Basi nusa kwanza mu nyumba. Bibi yangu amepika."

Mkewe, Veneranda, alileta ngege wawili wa kuchemsha na ndizi. Hakutia pilipili, hakutia moshi, chumvi tu kidogo. Nilianza kula kwa kujilinda, kama mtu anayemega mkate wenye mchanga. Nikamega tena. Nikamaliza wa kwanza na kumgeukia wa pili, ndipo nikashtuka kwamba sijasikia harufu yoyote.

"Veneranda, samaki hawa wametoka ziwa gani?"

"Kuko ziwa ngapi hapa, Mzee? Baba mukwe amewavua na ndoano kule ku mwamba."

"Mwamba upi?"

"Ule ule uliopasua mapipa."

Nikaweka chini mfupa. Maji yale yale, samaki wale wale, kutoka mahali palipomwagika mazutu yenyewe, na hawanuki. Donc, basi, aliyenuka si samaki. Nikamwuliza Sebuhoro kokoro lao wakati wa ajali lilikuwa wapi. Akasema lilikuwa majini, wameshalitega, na walilivuta kupita katikati ya mafuta ili lisipotee. Nani angeacha wavu upotee? Hata mimi nisingeuacha.

Hapo lazima nieleze desturi ya pale. Kokoro si la mtu mmoja. Kila nyumba husokota kamba zake za mimea na kusuka kipande chake, kisha vipande vyote vinaunganishwa kuwa wavu mmoja. Mwenye kipande anakijua kwa fundo lake, kama mama anavyomjua mtoto kwa kikohozi. Katikati kuna mfuko ambamo samaki wote huishia, na mfuko huo ni wa mkuu. Kwa hiyo tulipowaita wenye vipande pwani nikasema kokoro linanuka, kila nyumba ilikubali haraka sana kwamba kinachonuka ni kipande cha jirani.

"Ni cha shemeji," akasema mmoja. "Yeye hakaushagi wavu."

"Cha kwangu?" shemeji akaruka. "We ulikuwa unapaka chako mafuta hata mbele tishari haijagonga mwamba."

Sebuhoro akapandisha sauti: "Vipande ya pembeni ndiyo ilipita mu mazutu. Mufuko yangu iko safi."

Alasiri nikawaambia: maji ya moto hayasemi uongo. Tupeleke vipande kwenye chemchemi. Nyamyumba, kama mnavyojua, maji yanatoka ardhini yakichemka, na watu huenda kuoga humo kutibu viungo. Tulibeba kokoro mabegani kama mzoga wa nyoka, tukafika, na pale majini alikuwa amekaa mukecuru mmoja, kibibi wa mifupa na macho, akijikanda goti.

"Munaweka hiyo wapi?" akauliza.

"Humu, Bibi. Tunataka kuona mafuta yakipanda juu."

"Nyie, na mimi nioge mu taa? Na maji hii inatelemka wapi, si ku ziwa? Munaondosha mafuta ku wavu, munayarudisha ku samaki. Nani amewashauri?"

Wote wakanitazama. Nikasema ushauri ulikuwa mzuri, ila mahali pake ndipo palipokosewa. Kibibi akacheka mpaka akashika goti. Tukachota maji ya moto kwa mitungi na kuyapeleka mbali juu ya mteremko, tukajaza nusu ya pipa lililopasuka, moja ya yale ya ajali, lililokwisha kuchomwa moto na kusuguliwa kwa mchanga. Tukatumbukiza kipande kimoja kimoja.

Kila kipande kilitoa rangi juu ya maji, zambarau, kijani, dhahabu, kama shingo ya njiwa. Cha shemeji kilitoa, cha anayemsema shemeji kilitoa vile vile. Kelele za kulaumiana zikaanza kupungua. Mwisho ukaingia mfuko wa Sebuhoro. Maji yakafunikwa kabisa, rangi zikakosa nafasi, ukabaki weusi. Veneranda akachungulia pipani: "Safi hiyo."

Sebuhoro alikaa chini. Nikamwambia waziwazi, maana mimi sijui kuzunguka: "Wavu huu hauoshwi. Kamba imekunywa mazutu mpaka ndani. Ukiendelea kuvuta nao, kila samaki atanuka, na mji utasema Nyamyumba nzima inanuka. Choma."

"Nikichoma, hawa watu watakula nini? Kusuka ni mvua mbili."

"Ndoano."

"Ndoano inaleta samaki ya nyumba moja. Kokoro inalisha mulima."

"Kokoro hili halilishi mtu tena. Linaleta samaki ambao mimi sichukui, na nisipochukua mimi, nani atachukua?"

Akasema, "Nawe utatusaidia aje? Siku zote unachagua kubwa kubwa, ndogo unatuachia."

Hilo lilikuwa kweli, na watu walinisogelea kusikia jibu. Nikasema mpaka kokoro jipya liingie majini nitachukua samaki wote wa ndoano, wadogo kwa wakubwa, bila kuchagua. Sikuahidi zaidi, maana sitoi ahadi nisizoweza kubeba kichwani.

Sebuhoro alitoa kisu. Alikata mfuko wake mwenyewe, wa kwanza. "Wavu hii nilikuwa nayo mbele sijamuoa huyu bibi yangu," akasema.

"Choma basi," Veneranda akamwambia. "Pengine sasa utalalaka nyumbani."

Watu wakacheka, na nyumba moja baada ya nyingine ikakata kipande chake. Tulivichoma vyote shimoni, mbali na maji, tukafukia jivu. Moto ulipanda na moshi mweusi bila kuni hata moja. Kibibi alikuja na goti lake kutazama. Safari hii hakuuliza nani ametushauri, na kwa mtu kama yule huo ulikuwa ukarimu.

Kesho yake asubuhi nilirudi Gisenyi na kikapu kimoja cha samaki wa ndoano. Zamani nilirudi na wabebaji. Sasa nilibeba mwenyewe, samaki wadogo wengi, wakubwa wachache. Sokoni sikutangaza. Niliweka mafiga na chungu mbele ya duka, nikawachemsha wachache bila chumvi mpaka mvuke ukaenea. Watu walikuja na pua zao. Mama Zaina alisukuma wenzake, akachukua mmoja kwa vidole, akamtafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii ni samaki," akasema. "Iko wapi ingine?"

"Ndio hao tu. Na bei imepanda, maana wamevuliwa mmoja mmoja."

"Mwizi we," akasema, akanunua kikapu chote.

Ilichukua misimu miwili ya mvua kokoro jipya kuingia ziwani, na katikati yake vijana wengine wa Nyamyumba walivuka kwenda Goma kutafuta vibarua, na wengine hawakurudi kuvua tena. Mwenye tishari hakuyajua hayo. Mafuta yalimwagika kwa dakika za upepo. Kuyatoa kulitaka watu wakae jioni baada ya jioni wakisokota kamba mapajani. Mimi nilichojifunza ni kidogo na kinanitosha. Nikienda kununua samaki, sinusi samaki. Nanusa wavu.