Pori Lisilo na Kitu

Mimi ni mwalimu wa jiografia Masasi, naishi Mkomaindo, na kwa miaka mingi nimewaandikia wanafunzi ubaoni kwamba umeme wa jua ni umeme safi. Huwa naandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake. Siku hizi nikifika kwenye mada hiyo chaki inanigandia mkononi, na wanafunzi wanadhani naumwa.

Kwetu ni upande wa Newala, juu kabisa, ambako ardhi haishiki maji. Mama yangu amezeeka akishuka bondeni na ndoo kichwani. Yalipokuja mabomba, maji yakawa yanasukumwa na pampu kutoka chini, lakini umeme ukikatika bomba linakohoa hewa tu, na mama anarudi kwenye kisima cha sementi pale uani, kile cha kukingia maji ya mvua, kukwangua kilichobaki. Basi niliposikia kuna kampuni inataka kuweka shamba la sola kwenye pori lililo nyuma ya mikorosho yetu, na kwamba pampu zitapata umeme wa uhakika, nilishangilia kuliko wote.

Kabla ya kukatwa mti wowote, alitumwa mtaalamu aje kuuliza pori lile lina nini na linamsaidia nani. Alikuwa bwana mpole, mwenye kofia pana na daftari. Akina mama wazee wa kwetu Kiswahili wanakijua, ila wakiona aibu hukimbilia Kimakonde, kwa hiyo nikaombwa nitafsiri. Kilikuwa kiangazi, na pori limekauka kwelikweli.

"Shikamoo, mama," yule bwana akaanza.

"Marahaba, baba."

"Hili pori mnalitumia kwa shughuli gani?"

Mama akawatazama wenzake, akajibu kwa Kimakonde kwamba mle hamna kitu, ni miiba tu. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Inabidi nieleze hapa. Kwetu mchimba ming'oko hasemi anakochimba. Ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba, mitamu sana ikichemshwa na chumvi. Ukimkuta mwanamke ana jembe na kikapu ukamuuliza anakwenda wapi, atakwambia anatembea tu. Akikutajia mahali, wanaamini mizizi itakimbia. Mama alinifundisha kuchimba nikiwa mdogo: chimbua taratibu, kata, kichwa cha mzizi kiache ardhini ukifukie, ili mwakani ukute tena. Kiangazi mimea yake hubaki vikamba vikavu vilivyojiviringa kwenye vichaka, na yule bwana alivipita bila kuvitazama.

Mimi nilivitazama. Nilijua kwamba chini ya viatu vyake kulikuwa na chakula chetu cha miezi ya shida. Nikafungua mdomo nikasema, "Anasema hakuna kitu, ni miiba tu." Akaandika.

Mpaka leo sijielewi. Nikiamka vizuri najiambia ilikuwa heshima, mtoto hamuumbui mama yake mbele ya mgeni. Nikiamka vibaya najiambia ilikuwa tamaa ya maji, basi.

Pori likafyekwa, paneli zikasimama safu kwa safu, uzio ukazunguka. Na maji yakaja, lazima niseme ukweli. Mama alipiga vigelegele akajaza kila chombo, hadi vikombe vya chai. Nililia kwa furaha. Halafu msimu ule mikorosho ya kando ya uzio ikatoa maua mengi na korosho chache. Wapo wanaosema ni ukungu, wapo wanaosema ni nyuki waliohama na pori lao. Nimesomea mambo haya chuoni, na bado sijui nani nimwamini.

Kitabu cha shule kina picha ya mitambo kama hii jangwani, mchanga mtupu mpaka mwisho wa macho. Zamani niliwaambia wanafunzi kwamba huko haimdhuru yeyote. Sasa nikiitazama picha ile namuwaza bibi fulani wa huko, aliyeulizwa na mgeni akajibu hakuna kitu.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa nyumbani likizo. Mama alitoka asubuhi na jembe na kikapu, akarudi mchana, kikapu kitupu. Alikuwa ameufuata uzio hadi mwisho wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakaa mkekani, akanyoosha miguu. "Yule baba wa daftari ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulivyosema wewe."

"Mimi nilisema vile kwa sababu ni mgeni," akasema, bila hasira. "Sasa wewe, mwanangu, si ulikuwa unajua?"

Nikachukua ndoo nikaenda bombani. Maji yalitoka kwa nguvu. Ndoo ikajaa, ikamwagika, nami nimesimama pale sijafunga bomba.