Waifai ya Matanga

Shemeji yangu Gracien ni mtu asiyejua kusema hapana, na jambo hilo limenichosha kwa miaka ishirini na mbili. Ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Uvira. Huvaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali, na mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba msamaha. Mdogo wangu Eliane, mke wake, ndiye aliyekuwa akisema hapana kwa niaba ya nyumba nzima. Alipofariki, kila mtu akaingia.

Tulimzika mwezi wa pili. Watu walikuja kutoka Sange na Bwegera, na wajomba wakashuka kutoka Bijombo kwa miguu. Ndugu walio mbali walitaka kuona mazishi kwenye video. Basi kitinda mimba wetu Toussaint, anayetengeneza simu sokoni, akachukua simu ya Gracien, akafungua ile waifai ya nyumbani, akabonyeza palipoandikwa "Partager", yaani kushirikisha wengine. Ikatokea ile picha ya miraba midogo, myeusi na myeupe. Akaichapisha kwenye karatasi na kuibandika ukutani, kando ya picha ya marehemu. Ukielekeza simu yako pale, umeshaingia, bila kuuliza wala kuandika chochote. Tulimsifu sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kesho.

Maana karatasi ikishabandikwa kando ya picha ya marehemu, nani ataibandua? Kwetu picha hiyo hubaki ukutani, na viti hubaki uani, mpaka siku ya kuondoa matanga. Na wa kutamka kwamba matanga yameisha ni mkubwa wa upande wa marehemu, yaani mimi. Nami nilikuwa naahirisha. Mara barabara mbaya, mara wajomba wanavuna, mara nina homa. Uongo mtupu. Sikutaka kusema kwa mdomo wangu kwamba tumemaliza kumlilia Eliane. Mtoto yule nilimbeba mgongoni.

Miezi saba ikapita hivyo. Kila mchana watu walikuja, wakaisalimia picha, wakasema "pole, mwalimu", kisha wakatoa simu na kukaa mpaka jua lizame. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mfiwa atampa nani jembe? Gracien alikuwa akipita katikati yao akitafuta viti. Waliokwisha kuingia waliwapa wengine, simu kwa simu, mpaka watu wasiowahi hata kuikanyaga nyumba ile wakawa ndani. Baa ya ng'ambo ya njia iliunganisha televisheni yake, na walevi wakawa wanaangalia mpira kwa waifai ya matanga ya mdogo wangu. Nilipolijua hilo nilitukana, na sijatubu.

Ningeyavumilia yote kama si Délice, binti yao wa pekee. Aliomba nafasi katika chuo cha wauguzi nje ya nchi, na mtihani wao ni wa mdomo, kwa video. Mwezi wa sita alikaa mbele ya simu, amesuka vizuri, akaanza kujibu swali la pili, na picha ikaganda, maana uani simu zote zilikuwa zikivuta waifai hiyo hiyo. Watahini wa upande wa pili walimwona amebaki mdomo wazi, basi. Chuo kiliandika kwamba atapewa nafasi moja tena, ya mwisho, Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi.

Siku tatu kabla ya Alhamisi hiyo Gracien alinifuata sokoni, nikiwa nageuza juani ndagala zangu, dagaa wa ziwani.

"Shemeki," akasema, "minye nimechoka."

"Nani hajachoka?"

"Nimeangalia mu routeur, mu ile mashini ya waifai. Iko simu makumi ine na moja. Zingine sijue hata benyewe. Iko na moja inaitwa Télé Bar."

"Badirisha code ya waifai, basi! Toussaint anasema ni dakika mbili."

"Nilibadirisha wiki iliyopita." Akainamisha kichwa. "Papa Protais, ule jirani yangu, akakuja kuniuliza: mwalimu, unafukuza bantu mu kilio? Nikasikia haya. Nikarudisha ile ya zamani."

Nilitaka kumpiga na beseni. "Gracien, mutoto atafeli juu ya haya yako?"

"Minye siwezi kutosha kilio, Charlotte. Weye njo mukubwa."

Kutosha kilio ni kuondoa matanga, na kazi hiyo ni ya mkubwa. Nilimchukia pale pale, kwa sababu alikuwa na haki. Siku ile niligombeza wateja wote, hata walionunua bila kubishana bei.

Jumatano, saa kumi, nilifika kwake nimevaa kitambaa changu cheusi. Uani walikuwepo watu kama ishirini, vichwa vimeinama juu ya simu. Toussaint alinieleza pembeni kwamba kuchana karatasi peke yake hakusaidii, kwa sababu simu zimeshaikumbuka code na zinapeana. Lazima code yenyewe ife, iwekwe nyingine ndefu, ijulikane na Gracien na binti yake tu.

"Kama bajirani banaitaka sana," akasema, "siku ingine nitabawekea waifai ya wageni, ya peke yake."

"Siku ingine," nikasema. "Leo hapana."

Nikasimama chini ya picha. Nilikuwa nimejiandaa kuwasema vibaya, na maneno yakanikimbia. Nilichoweza ni yale ya desturi tu.

"Ndugu zangu, mulikuja kutulilia Eliane. Mulilala chini na sisi. Tunabashukuru. Minye mukubwa wake ninasema: kilio kimeisha. Murudie kwenu na amani."

Walewale ambao mwalimu hakuweza kuwaondoa kwa miezi saba walisimama wote. Walinawa mikono kwenye beseni, kama ilivyo desturi ya kumaliza matanga, mmoja baada ya mwingine, wakabeba viti walivyoazima kwa majirani. Papa Protais alinipa mkono, akauliza polepole, "Na mechi ya kesho?" Nikamwangalia. Akaenda zake. Mimi nikabandua karatasi na picha, na Toussaint akaua code.

Alhamisi Délice alijifungia chumbani. Mimi na Gracien tulikaa uani, tukisikia sauti yake ikijibu kwa Kifaransa, swali baada ya swali, kwa nusu saa nzima. Haikukatika. Alipotoka alinikimbilia.

"Mama mukubwa, banakubali! Banasema nikuje mwezi wa kumi!"

Nikapiga vigelegele peke yangu. Gracien alimkumbatia binti yake, akamwachia, akaangalia ua ule mtupu, asione mtu wa kumtafutia kiti. Ndipo akaketi chini, kwenye udongo, na shati lake jeupe, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, akimwita Eliane kwa jina la nyumbani. Miezi saba nilifikiri kilio kile ni changu, na kumbe yeye hakuwa amepata hata nafasi ya kukianza.

Nilikaa chini kando yake. Wa kumwambia kwamba matanga yameisha ni mimi, na sikumwambia.