Siku Nilichekesha Batu na Sauti ya Koko Eleni

Iko siku moja yenye hainitokake mu kichwa, mwana yangu, ata sasa vile meno yangu imebaki ya kuhesabia ku mukono moja. Ikaa chini nikupigie habari yake. Usiangalie nyuma, ni weye ninasemesha.

Wakati ile inchi ilikuwa inaitwa Zaïre. Mu Bunia, Wagiriki balikuwaka na magazini ku boulevard, ile barabara kubwa ya muji, banauzisha bitambaa, chumvi, misumari. Miye nilikuwa binti ya miaka kumi na munane hivi. Ninakisia, juu mama yangu hakuandikaka kitu, na miye masomo sikusomaka. Jina yangu, Mado, ninaijua kwa masikio tu. Nilitumikaka kwa mama ya patron moja Mugiriki, mwenye magazini, muzee mwanamuke, tulikuwa tunamuita Koko Eleni, koko ni kusema bibi. Alifikaka Bunia bibi-arusi, akazeekea pale. Kiswahili alijua yote, lakini na ulimi ya kwabo: "Mado-e! Kuza apa! Tsai gani hii? Iko baridi kama miguu ya tsura!"

Nilikuwa ninamuigiza mu jiko mpaka mpishi anamwanga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Niliigiza padiri, niliigiza polisi, niliigiza bamama ya samaki ya Tchomia. Batu balisema mudomo itaniua. Bado inangoja.

Mwaka moja patron akasema anapeleka mama yake kwabo, ku kisiwa kwenye alizaliwa, na miye niende kumushika mukono. Koko alikuwa anatafuta kitu moja tu: kuingia mara moja mu nyumba ya mama yake mbele ya kufa. Kijiji yabo iko juu ya jiwe, na nusu yake ilianguka zamani na tetemeko. Mama yake alibaki mule ndani. Wakati ile Koko alikuwa tayari huku Bunia. Habari ya kilio alipata kwa barua.

Mwana yangu, ile kisiwa! Jiwe inatoka mu maji inasimama kama ukuta, na kule juu manyumba meupe imejipanga kama mayayi ku ukingo ya meza. Upepo moja tu, na omeleti iko tayari. Tulipanda na bapunda. Punda yangu ilipenda ukingo kabisa. Niliomba batakatifu bote benye ninajua, na benye sijue.

Kwanza balitupeleka ku manyumba ya batu ya zamani, ya mbele ya Yesu: kuta bila paa. Bwana mwenye kuonyesha alikuwa anasemea mu pua, patron ananigeuzia mu Kiswahili: "Aaapa mulikuwa jiko. Aaapa mulikuwa ghala." Miye ninajiuliza, kwetu nyumba ikianguka tunaachia nyoka, hawa banatoka mbali na kofia juu ya kuiangalia! Kisha muze, nyumba ya kuchunga bitu ya zamani. Mitungi nyuma ya kioo, na mulinzi. Nikalalamika: "Koko, kama hii njo mama yangu anachotea maji ku Irumu. Bende bamufungie naye mu kioo!" Koko alicheka mpaka akashika kiuno. Tulikuwa vizuri, siye babili.

Saa ya kumi tukafika mu kijiji yake. Bandugu bakajaa mu kiwanja, mukate, jibini, samaki. Koko akaanza kubasemesha. Nikaona babinti banagusana na kiwiko. Patron akaniambia ku sikio: Kigiriki ya mama imekuwa ya zamani, tena anaichanganya na Kiswahili bila kujua. Miye kuona batu banacheka, ni kama bananiita jina! Nikakamata fimbo ya Koko, nikapinda mugongo, nikazunguka meza: "Mado-e! Kuza apa!" Nikatia na ile Kigiriki yake ya kuchanganya. Maneno ingine habakuelewa, lakini mutu mwenye niliigiza balimujua. Kiwanja yote ikapasuka. Muzee moja alimwanga divai mu ndevu.

Koko alikuwa na mukate mu mukono. Akaiweka chini polepole, kama kitu ya mutu mwingine. Akanisemesha Kiswahili, juu bandugu basisikie. Hapa sitaigiza, mwana yangu. Ninakupatia maneno tu.

"Mado. Ku Bunia banacheka miye juu miko Mugiriki. Hapa banacheka miye juu miko mutu ya Bunia. Sasa miye nitasemea wapi?"

Akasimama. Akaambia patron, kesho haendi tena ku nyumba ya mama yake. Anarudi Bunia. "Nilitoka mule binti," akasema, "sitarudi mule kichekesho."

Ulimi haina mufupa, lakini inavunja mufupa. 

Kwetu, ukikosea muzee, hauombe musamaha na mbali kama mutu anaita motari ya pikipiki. Asubuhi nikaleta maji mu basani, nikapiga magoti pale ku mawe, nikamuosha miguu. Nikasema: "Koko, nilikosa. Kama unataka, nitafunga hii mudomo mpaka Bunia."

"Weye? Kufunga mudomo? Utakufa mbele ndege iruke."

Nikasikia roho yake inafunguka kidogo, kama mulango ya mutu mwenye kuchungulia kwanza.

Akaniuliza: "Mama yako, unawezaka kumuigiza?"

"Ndiyo, Koko."

"Fanya."

Nikafanya mama anaita kuku, mama anagombeza mbuzi, mama ananiita kula. Koko alifunga macho. Akasema: "Uko na bahati. Mule mu muze niliona bangili ya mwanamuke moja, na mutungi yake. Sauti yake, hapana. Miye naye, mama yangu ninaona uso yake, ninaona mikono yake. Sauti ilinipotea. Njo niliifuata mpaka huku."

"Koko, twende. Kama hautake batu, twende siye babili."

Kisha akatoa muguu mu maji.

Nyumba haikukuwa tena nyumba. Kuta mbili, tanuru ya mukate, na muti ya tini imeota mahali ya kitanda. Koko akasimama ku kizingiti, akaweka mukono ku jiwe. Miye nikanyamaza, mara ya kwanza mu maisha yangu. Tulikaa vile mpaka jua ikatupata. Halafu akafungua mudomo, akaita jina yake mwenyewe: "Eleni! Elenaaaki!" Sauti ya juu, sauti ya mwanamuke mwenye mikono imejaa unga, hana wakati. Haikukuwa yake. Yeye mwenyewe alishituka, akageuka kuangalia nyuma. Akalia, akacheka, akanikamata kama mutu anazama: "Umesikia? Mado, ishike! Upesi, mbele inikimbie!"

Mara ya kwanza nilikosa. Ya pili, nikakosa. Ya tatu akasema: "Njo yeye."

Na huku Bunia, wakati hakuweza tena kutoka mu kitanda, nilikuwa ninamuita vile kila asubuhi. Alikuwa anajibu kama mutoto.

Basi, mwana yangu. Kuigiza batu sikukataze. Kinyonga atakatazaje mutoto yake kugeuka rangi? Lakini mbele uchukue sauti ya mutu, ujue kwanza anatafuta nini. Juzi nilikusikia mu telefone, unachekesha benzako na kusema ya ule mama mugeni mwenye kuuza sombe ku barabara yetu. Nyumba yake iliungua na vita. Ile namna yake ya kusema njo kitu yote alibeba. Kesho umupelekee bidon ya maji, uso kwa uso, umuombe musamaha. Akikukubalia, umuulize mama yake alikuwa anamuita namna gani.

Mungu akupatie mudomo yenye batu banakimbilia, hapana yenye banakimbia. Na siku utazeeka, mutu mwenye kukupenda akamate sauti yako vizuri.